Jina Lililotangulia Jicho: Taashira za Dhambi na Starehe katika Bustani ya Bosch na Mashetani wa Lilanga, kwa Mtazamo wa Bagamoyo

5.1 Utangulizi

Sura hii inahakiki taashira za dhambi na starehe katika kazi za wachoraji wawili ambao kwa kawaida hawatajwi katika ukurasa mmoja. Wa kwanza ni Hieronymus Bosch, mchoraji wa Brabant aliyefariki mwaka 1516, ambaye historia ya sanaa humweka katika uchoraji wa awali wa Kiflemi na wa nchi jirani za ukanda huo. Kazi yake inayohakikiwa ni mchoro wa mbao tatu za mwaloni zilizounganishwa kwa bawaba, unaotunzwa katika Makumbusho ya Prado mjini Madrid na unaojulikana leo kwa jina la Bustani ya Starehe. Wa pili ni George Lilanga (1934–2005), Mmakonde aliyetoka kusini mwa Tanzania, akaingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na akahamishia kwenye rangi viumbe ambao wachongaji wa Kimakonde walikuwa wameshawatoa kwenye mpingo kwa jina la mashetani.

Haidaiwi hapa kwamba Lilanga alimwiga Bosch. Dai la namna hiyo, ambalo husikika mara kwa mara kila msanii wa Kiafrika anapochora kiumbe chenye umbo geni, halina faida kwa uhakiki. Kinachowaunganisha wachoraji hawa ni hatima ya kazi zao mikononi mwa wasomaji. Kila mmoja amesomwa kwa jina ambalo limetoa hukumu kabla jicho halijaanza kutazama. Katika Bosch hukumu hiyo imebebwa na neno linalotafsiriwa kuwa starehe au anasa. Katika Lilanga imebebwa na neno shetani. Hoja ya sura hii ni kwamba, tukiliweka jina kando kwa muda na kufuata viashiria vyenyewe jinsi vinavyofanya kazi ndani ya picha, tutakuta kwamba Bosch anajenga hoja juu ya starehe na mwisho wake, ilhali Lilanga hana hoja hiyo kabisa. Aliyeiingiza humo ni mhakiki.

Uwanda wa uhakiki huu ni Bagamoyo, na uteuzi huo una sababu. Ndani ya mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, mtu anaweza kupita penye Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, akapita kwenye vibanda vya wachongaji na wachoraji wa Mji Mkongwe, akasikia ngoma za mazoezi kutoka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wenyeji wengi bado huiita Chuo cha Sanaa kama ilivyoanzishwa mwaka 1981, kisha akafika kwenye magofu ya Kaole, kilomita takribani tano kusini. Kila mahali hapo pana kauli yake juu ya raha ya mwili na mwisho wake, na kauli hizo hazikubaliani. Hata jina la mji lenyewe lina mgogoro unaofanana na wa sura hii. Wako wanaolitoa katika kubwaga moyo kwa maana ya kupumzika baada ya safari ndefu ya msafara kutoka bara, na wako wanaolitoa katika kubwaga moyo kwa maana ya kukata tamaa kwa mtumwa anayeiona bahari. Mji ni mmoja na pwani ni moja, lakini anayeingia akiwa ameshachagua tafsiri huona mji tofauti na mwenzake.

5.2 Bustani isiyobatizwa na mchoraji

Bosch hakuacha maandishi ya kueleza mchoro huu, na jina linalotumika leo si lake. Mwaka 1517, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Antonio de Beatis aliyekuwa katika msafara wa kardinali aliuona katika jumba la ukoo wa Nassau mjini Brussels, akaandika juu ya wingi wa vitu vya ajabu vilivyomo. Hakuandika juu ya dhambi. Mwaka 1593 mchoro ulipopelekwa katika monasteri ya Escorial kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, orodha ya mali iliutaja kuwa ni picha ya aina mbalimbali za mambo ya ulimwengu, na kuongeza kuwa watu huuita kwa jina la tunda dogo jekundu. Ni mwaka 1605 ndipo mtawa José de Sigüenza alipoutetea kwa kirefu dhidi ya tuhuma za uzushi. Alieleza kuwa tunda hilo ni taashira ya utamu unaopotea mara tu unapoonjwa, na kwamba mchoraji alikuwa akiukaripia ulimwengu. Usomaji wa Sigüenza ndio uliokuja kuwa mzazi wa usomaji ulio mwingi hadi leo.

Upo upinzani. Mwaka 1947 Wilhelm Fraenger alidai kwamba ubao wa kati hauoneshi dhambi bali hali njema ya kurudi Edeni, na kwamba mchoro ulitengenezwa kwa ajili ya kundi la siri la waumini waliotukuza uchi wa Adamu. Wataalamu wengi wameukataa ushahidi wake wa kihistoria, nami sina sababu ya kuutetea. Hata hivyo, swali aliloliuliza halikufa pamoja na jibu lake. Tukiutazama ubao wa kati peke yake, bila ubao wa kulia, ni kiashiria gani kinachotulazimisha kusema hii ni dhambi? Watu wako uchi, lakini hawaoni haya. Wanakula matunda makubwa kuliko vichwa vyao. Wawili wamekaa ndani ya kitu mfano wa povu la kioo. Wapanda wanyama wanazunguka bwawa ambamo wanawake wanaoga. Hakuna anayepigana wala anayelia.

Hapa tafsiri ya Kiswahili inakuwa sehemu ya uhakiki. Jina la Kihispania la mchoro halina neno la kuonesha kuwa starehe hizo ni za dunia. Nyongeza hiyo imetoka katika lugha nyingine za Ulaya. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno matatu mbele yake. Akisema Bustani ya Anasa, amekwisha kupanda mimbarini, kwa kuwa anasa katika matumizi ya misikiti na makanisa yetu ni raha inayomsahaulisha mtu Mungu, na akiongeza za dunia ameshamaliza mahubiri. Akisema Bustani ya Raha, amekwenda upande wa pili, maana raha ni neno tunalowaombea hata marehemu. Starehe liko katikati. Ni neno la mwenyeji kwa mgeni. Anayetaka kuinuka kukupisha humwambia starehe, naye hubaki ameketi. Limechafuka kiasi kwa kuhusishwa na baa na nyumba za wageni, lakini halijahukumiwa. Nimelichagua hilo kwa sababu ubao wa kati wenyewe haujahukumu.

Anayehukumu ni mpangilio. Mbao tatu zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama mstari wa maandishi: Edeni, bustani, jehanamu. Kwa istilahi za simiotiki, maana ya taashira za kati haimo katika uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ndani ya ubao huo tu, bali katika nafasi yake kwenye mfuatano. Tunda likisimama peke yake ni tunda. Likitanguliwa na Hawa na kufuatwa na moto, limekuwa kosa. Hata ubao wa kushoto umeshatiwa dalili za kuharibika: bundi anachungulia kutoka ndani ya chemchemi, na paka amebeba windo mdomoni wakati dhambi ya kwanza haijatendwa. Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua humo pia tembo na twiga, waliofika kwenye Edeni ya Bosch kwa njia ya michoro na hadithi za wasafiri. Si jambo dogo kwamba mchoraji alipotaka kuonesha ulimwengu kabla ya dhambi aliwaita wanyama wa upande wetu. Lakini hilo lina sura yake nyingine na sitalifuata hapa.

Niliwahi kumwonesha nakala ya mchoro huu mchongaji mmoja wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nikaifunua yote bila kumwambia ni nini. Hakuanzia kushoto. Alianzia kati, penye watu wengi, akatafuta kwa muda mrefu, kisha akauliza mwenye shughuli yuko wapi. Sikuwa na jibu, na swali lake limeniongoza kuliko vitabu vingi nilivyosoma juu ya mchoro huo. Ni kweli kwamba katika ubao wa kati hakuna mwenyeji, hakuna anayepika, hakuna mzee, na hakuna mtoto. Ni starehe isiyo na jamaa. Kama tunataka dalili ya ndani ya picha kwamba furaha hii ina kasoro, huenda ni hiyo, na haihitaji kusubiri moto wa ubao wa kulia.

5.3 Neno shetani na kazi yake pwani

Shangazi yangu, mwanamke mcha Mungu ambaye simlaumu kwa lolote, aliniomba niitoe sebuleni kwake nakala ya mchoro wa Lilanga niliyokuwa nimempelekea zawadi. Hakuwa ameitazama vizuri. Alikuwa ameuliza tu inaitwaje, nami kwa ujinga wa mwanafunzi nikajibu kwamba ni mashetani.

Jibu langu lilikuwa sahihi kwa istilahi za historia ya sanaa. Mtindo wa mashetani katika uchongaji wa Kimakonde ulianza jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanzo wake huhusishwa na Samaki Likankoa, mchongaji aliyekuwa akimuuzia kazi mfanyabiashara Mohamed Peera. Zachary Kingdon, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya wachongaji hao, ameonesha kwa upana jinsi neno hilo la Kiswahili lilivyotwaa viumbe wa porini wa imani ya Kimakonde, wakiwemo wale waitwao nnandenga, waliokuwa na majina na tabia zao kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo neno shetani kwenye sanaa hii ni tafsiri tangu mwanzo. Lilimfaa mchongaji aliyehitaji kumweleza mnunuzi wa mjini kwa haraka, na lilimfaa mnunuzi aliyehitaji msisimko.

Tatizo ni kwamba tasnifu nyingi za Kiswahili zinazogusia sanaa za maonesho na za ufundi zimelichukua neno hili kana kwamba lina kiashiriwa kimoja, yaani Ibilisi wa vitabu vitakatifu, adui wa Mungu na mchochezi wa dhambi. Kutoka hapo uchambuzi hujiandika wenyewe: tumbo kubwa ni ulafi, mdomo wazi ni ulevi, mwili uliopinda ni upotovu. Nami nilikwisha kuandika hivyo katika rasimu ya kwanza ya sura hii, na ilisomeka vizuri mno. Wepesi wake ndio ulionitia shaka.

Lugha ya pwani yenyewe haina kiashiriwa kimoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903, aliandika juu ya pepo na ngoma zao kama sehemu ya maisha ya watu wa Mrima, pamoja na harusi, jando na biashara. Kjersti Larsen, aliyefanya utafiti Unguja, ameeleza masheitani wenye jinsia, makabila, dini na ladha zao. Wapo wa Kiislamu wanaopenda marashi, na wapo wa kibuki wanaokunywa brandi. Pepo hupanda kichwani kwa mtu, mtu akawa kiti chake. Fundi humuuliza jina lake na anachotaka. Akitaka nguo, pete, chakula au harufu fulani, jamaa hujikusanya kuvitafuta. Katika mchakato wote huu tamaa haikanushwi wala haifukuzwi kwa karipio. Inaulizwa, inatajwa, na inapewa kipimo.

Jambo la kibuki linastahili kutuzuia kidogo. Mwanamke Mwislamu, ambaye katika maisha yake hajaonja kileo, anapandwa na pepo wa kibuki, na pepo huyo anakunywa brandi kwa kinywa chake. Ngoma ikiisha, pepo ameondoka na mwanamke amerudi kuwa yeye. Je, nani amekunywa? Mfumo wa Bosch hauwezi kulijibu swali hili, kwa sababu katika mbao zake mwili ulioonja katikati ndio huohuo unaochomwa kulia. Hiyo ndiyo haki yake na ndiyo hofu yake. Mfumo wa pepo unautenganisha mwili na mwenye tamaa. Wanazuoni wa dini wana jibu lao, nalo ni kali, lakini hapa hatujadili halali na haramu. Tunajadili msimbo ambao msanii aliyeishi na kufanya kazi katika pwani hii angeweza kuutumia, na msimbo huo una nafasi ya starehe isiyo dhambi wala wema. Ni dai lililoletwa na mgeni, nalo hutafutiwa njia.

5.4 Sikio

Tukirudi kwenye picha zenyewe, kiashiria kinachofaa zaidi kulinganishwa ni sikio, kwa sababu wachoraji wote wawili wamelikuza kupita kiasi.

Katika jehanamu ya Bosch yapo masikio mawili makubwa yasiyo na kichwa, yamechomwa na mshale, na kati yake umetokeza wembe wa kisu. Yanasonga mbele kama gari la vita juu ya watu. Ni sikio lililokatwa kutoka kwa mwenyewe na kugeuzwa chombo cha kuadhibu. Tafsiri zake ziko nyingi, lakini Mswahili hahitaji kwenda mbali. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa, na hili ni sikio ambalo limekwisha kufa na sasa linawarudia wenyewe. Kilichokosekana wakati wa bustani ni usikivu. Kwenye ubao wa kati watu wanatazama, wanagusa na kula, lakini ni vigumu kumwonesha mmoja anayemsikiliza mwenzake.

Sikio la Lilanga liko kichwani. Limesimama, limepanuka kama jani, mara nyingi ni pana kuliko uso wenyewe, na limetiwa rangi tofauti ili lionekane kabla ya jicho na mdomo. Viumbe wake wamejazana bila mstari wa upeo, bila ardhi na mbingu, kila mmoja akishikana na mwingine, wadogo wakiwapanda wakubwa, vidole vikiwa vichache kuliko vya mwanadamu. Katika msongamano huo sikio linafanya kazi ya kijamii. Kwa tafsiri yangu, hili ni sikio la uswahilini: linasikia nani amepata mgeni, nani hajalipa deni, chungu cha nani kinachemka. Linaweza kuwa la umbea, na umbea una ubaya wake. Lakini ni ubaya wa watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, na dawa yake ni mzaha. Tafsiri hii inaungwa mkono na tabia ya Lilanga ya kuzipa picha zake nyingi majina ambayo si nomino bali sentensi nzima za Kiswahili, zenye sauti ya mtu anayebisha hodi, anayelalamika au anayemtania jirani. Msanii aliyetaka kuonesha waliolaaniwa angehitaji kutoa hukumu. Lilanga ametoa mazungumzo.

Juu ya tumbo nitasema machache. Limekuzwa, ndiyo, na wepesi wa kulisoma kuwa ulafi nimeshautaja. Ila katika picha za Lilanga matumbo ni ya wote, wakubwa kwa wadogo, wabebaji kwa wanaobebwa. Kiashiria kisichotofautisha mtu na mtu hakiwezi kubeba lawama dhidi ya yeyote kati yao.

5.5 Ala za muziki

Sehemu ya ubao wa kulia inayomgusa zaidi msomaji wa pwani ni ile ya ala. Bosch ameweka pale kinubi ambacho mtu ametundikwa kwenye nyuzi zake, ala kubwa ya familia ya udi ambayo mwingine amefungwa juu yake, filimbi, ngoma yenye mtu ndani, na noti za muziki zilizoandikwa kwenye makalio ya aliyelaliwa na ala hizo. Kila kilichowaburudisha watu duniani kimekuwa mtambo wa mateso. Mantiki ni ya kisasi cha kulingana: ulichokosea nacho ndicho utakachoadhibiwa nacho. Ala hiyo ya nyuzi ni ndugu wa udi unaopigwa katika taarabu zetu, na aliyezoea kuuona mikononi mwa mpigaji aliyevaa kanzu hushtuka kuukuta huku.

Mashaka ya wacha Mungu juu ya ngoma na udi si mageni pwani. Yamesemwa na masheikh na mapadri kwa karne na kwa vizazi, na Bagamoyo, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara, ilikuwa na ngoma nyingi za kukaripiwa. Lakini sambamba na karipio hilo ipo ngoma ya pepo, ambamo ngoma ni tiba. Bila ngoma pepo hapandi, asipopanda hasemi, asiposema mwele hapati nafuu. Taashira ileile ya ala imepewa nafasi mbili zinazopingana. Kwa Bosch ngoma ipo mwisho wa kosa. Katika uganga ipo mwanzoni mwa uponyaji. Nikiwatazama viumbe wa Lilanga wanaocheza, magoti yamekunjwa, viwiliwili vimeinama mbele, siwezi kukubali kwamba wanacheza kuelekea motoni. Mkao wao ni ule anaoutambua yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa ngoma, na kando yao hakuna ubao wa kulia.

5.6 Kaole, au pingamizi la kwanza

Msomaji anaweza kupinga kwamba ninaichora pwani kama mahali pasipojua hofu ya mwisho wa starehe. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, unausimamisha moyo wa mshairi mwenyewe mbele ya majumba yaliyoanguka na kumbi zilizokuwa na taa na vyombo vya kaure, na kuuonya. Huo ni ubao wa tatu wa pwani, na kwa nguvu ya taswira haumwachii Bosch nafasi kubwa.

Huko Kaole hoja hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Baadhi ya makaburi yana nguzo, na kwenye nguzo za namna hiyo, kama ilivyo pia Kunduchi kusini zaidi, wajenzi walipachika bakuli za kaure kutoka Uchina. Bakuli nyingi hazipo tena. Vimebaki vishimo vya duara. Chombo cha karamu kimewekwa juu ya aliyekufa. Je, ni heshima kwa tajiri aliyekula katika bakuli hizo, au ni ukumbusho kwamba hatakula tena? Sidhani kama tunalazimika kuchagua. Nilichokiona Kaole ni kwamba bakuli halikuvunjwa wala kugeuzwa silaha kama ala za Bosch. Limepachikwa mahali pa juu, mdomo ukiwa nje, likipokea mvua. Hata katika kauli yake ya mauti, ufundi wa pwani haukukitukana chombo cha raha.

Kwa hiyo pwani ina misimbo miwili kwa uchache: wa Inkishafi, unaosomwa kwa mfuatano na kuishia hukumuni, na wa pepo, unaosomwa kwa majadiliano na kuishia katika makubaliano. Kosa la wahakiki wa mashetani, nikiwemo mimi katika rasimu ile, si kwamba wameuleta msimbo wa kwanza kutoka nje. Ni wetu. Kosa ni kuutumia kwenye kazi iliyojengwa kwa msimbo wa pili, kwa sababu tu jina lilifanana.

5.7 Soko, au pingamizi la pili

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Inaweza kusemwa kwamba ukosefu wa hukumu katika mashetani wa Lilanga hautokani na pepo wala Kimakonde bali na soko. Mtalii hanunui mahubiri. Mashetani walizaliwa dukani, wakakua kwa kupendwa na wageni, na rangi za kung'aa na vicheko vyao ni vya kuuzika. Nakiri kwamba sehemu ya hili ni kweli, na mtafiti anayezunguka kwenye vibanda vya Bagamoyo hawezi kulikwepa. Picha zinazoiga mkono wa Lilanga zimepangwa hapo kwa ukubwa wa begi la ndege.

Lakini soko linaeleza kwa nini picha zimetengenezwa nyingi, halielezi kwa nini zimetengenezwa hivi. Mtalii wa miaka ya 1960 aliyevutwa na neno shetani angeridhika vilevile, pengine zaidi, na viumbe wa kutisha wenye pembe na moto, na wapo wachongaji waliomtengenezea. Lilanga alikuwa na sababu zote za kibiashara za kuelekea huko, akaelekea kwenye majirani wenye masikio makubwa. Tena Bosch naye alichorea wenye fedha. Mchoro wake ulikaa katika jumba la watawala, si kanisani, ukawaburudisha wageni wa karamu ambao kwa vyovyote walifanya baadhi ya mambo yaliyomo. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo jehanamu yake si ya kweli.

Mchongaji yule aliyeniuliza habari za mwenye shughuli ana utaratibu wake kuhusu jina. Mgeni wa mbali akiuliza, anamwambia ni shetani. Mwenyeji akiuliza, anamwambia ni ukoo. Sikumwona akibabaika kati ya majibu hayo mawili, na siamini kwamba lolote kati yake ni uongo.

Katika orodha ya picha za tasnifu hii, kila kazi ya Lilanga imetajwa kwa sentensi aliyoipa mwenyewe, bila kutanguliwa na neno mashetani. Pale ambapo sentensi hiyo haikupatikana, imeandikwa tu kwamba haina jina. Mchoro wa Bosch umeorodheshwa kwa jina la Bustani ya Starehe, na maneno za dunia yameachwa.